Kidole Kitupu Gazetini

"Pete yangu iko wapi?"

Vita vimeisha, Bolek karudi Detroit mzima, na hiyo ndiyo salamu aliyomletea mkewe! Hata koti la jeshi hakuvua. Alitupa kipande cha gazeti mezani, pembeni ya supu ya kabichi.

Stefania alikiokota. Ilikuwa picha yake kiwandani: kitambaa kichwani, drili ya kutoboa chuma mkononi, bawa la ndege mbele yake, anacheka.

"Umeipata wapi?"

"Kambini, Uingereza. Wenzangu wanasifia mke mzuri, mimi naona kidole kitupu. Na meno yote nje! Ulikuwa unamchekea nani?"

"Kumbe ndiyo maana ukaacha kuniandikia?"

"Nimwandikie mke wa mtu?"

"Una wazimu, Bolek! Kiwandani pete ni marufuku. Drili ikiinasa inaondoka na kidole. Muulize Jadwiga, mwenzangu wa kazini, alijifanya mbishi, leo hana kidole."

Stefania aliingiza mkono ndani ya kola, akavuta mkufu. Pete ilining'inia hapo.

"Imekaa kifuani kwangu siku zote. Leo wametuachisha kazi wanawake wote, eti wanaume wamerudi. Nimelia njia nzima. Halafu nikajipoza, si kitu, sasa nitaivaa."

"Stefa, mke wangu, nisamehe. Lete nikuvalishe mwenyewe."

Akanyoosha mkono. Hapo ndipo Stefania alipouona vizuri.

"Na yako iko wapi?"

Mkono ukakimbilia mfukoni.

"Bolek, wewe hukushika drili."

"Nilijua umenitupa..."

"Nimekuuliza, iko wapi?"

"Anayo Maureen."

"Maureen ndiye nani?"

"Wa kule Uingereza. Ana mimba yangu."

Stefania alikaa. Machozi hayakuja, alikuwa ameyamaliza njiani.

"Swali moja tu la kuniuliza kwenye barua lilikushinda. Lakini kuvua pete ukampa mwanamke, hilo uliliweza!"

Akafungua mkufu, akamwekea pete kiganjani.

"Mpelekee na hii."

"Niliumia, Stefa! Ulikuwa unacheka!"

"Ndiyo, nilicheka. Nilikuwa nimechoka, nimenuna. Mpiga picha akaniambia, 'Cheka, mama, huenda mumeo akaiona huko aliko.'"

Alimsukumia kile kipande cha gazeti.

"Nikakuchekea wewe."