Breki za Lori la Bluu

Mama Mizigo na mdogo wake wa kiume walikuwa na malori matatu ya kubebea saruji. Kila asubuhi mama alipanga safari ofisini, naye mdogo wake akipigapiga matairi uani kwa nyundo kupima upepo.

Siku moja lori la bluu liligonga ukuta wa duka mteremkoni. Hakuna aliyeumia.

"Breki zilichelewa kushika, mama," dereva alisema.

"Tutamalizana na mwenye duka, yaishe," alijibu Mama Mizigo. "Tukiripoti, lori litazuiwa na wateja watatukimbia."

Ukuta ulijengwa upya. Breki hazikuguswa. Dereva yule akaacha kazi, akaondoka na habari za breki zile.

Nafasi yake ikachukuliwa na Kicheko, kijana mwenye utani mwingi. Hakuna aliyemwambia neno. Wiki hiyohiyo, kwenye mteremko uleule, breki zilimkatalia. Lori likapinduka. Kicheko akafia njiani kabla ya kufika hospitali.

Msibani, mjane wa Kicheko alimkazia macho Mama Mizigo. "Mlijua kwamba lile lori ni bovu?"



Baada ya mazishi Mama Mizigo alikwenda kwa jirani yao, mkaguzi wa magari. "Ningefanyaje, jirani?"

"Ile ajali ya kwanza ungeiandika," mkaguzi alisema. "Tarehe, mahali, lori gani, dereva nani. Nani kaumia, nani kafa, na kama mzigo wa hatari umemwagika. Andika na chanzo, na fundi alitengeneza nini. Ripoti za polisi na bima zitunze pamoja kwa muda wote ambao sheria inataka. Mtu akiumia, toa taarifa polisi papo hapo."

"Mimi niliona kuandika ni kujichongea."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, dada. Wewe ukuta wa duka uliujenga. Ufa ukabaki kwenye breki."

Mama Mizigo akalia sana. Kesho yake akaenda polisi kueleza habari za ajali ya kwanza.

"Dada, utatufungisha!" mdogo wake alilalama.

"Kicheko yuko kaburini. Sisi tunaogopa nini?"

Malori yalizuiwa mpaka yakaguliwe. Wateja wengine walihama. Mjane hakuitikia tena salamu ya Mama Mizigo, naye Mama Mizigo hakumlaumu.

Kazi iliporudi, sheria ya ofisi ilikuwa moja: hakuna dereva kupewa ufunguo kabla ya kusoma kumbukumbu za lori lake.

Asubuhi moja dereva mmoja alisoma kwamba jana yake lori lilikwaruza nguzo, na usukani ukawa unavuta kushoto kila breki zikikanyagwa. Akarudisha ufunguo.

"Hili silitoi."

Mdogo wake Mama Mizigo akanuna. Mama akampigia mteja simu: "Leo mzigo hauji. Utaniwia radhi."

Fundi akaingia chini ya lori. Akakuta bomba la breki limepasuka.

Jioni mvua ilinyesha. Dereva akaondoka kwa miguu, akinung'unika kwamba viatu vyake vimeharibika na mkewe atamcheka. Mama Mizigo alisimama mlangoni, akasikiliza manung'uniko yale mpaka yalipopotelea kwenye kona.