Uunsi Ndani ya Garimoshi

Shati la Hersi lilinukia uunsi, na mkewe Fardowsa hakuwa amefukiza wiki nzima.

Huo ubani ulikuwa wake, usibishe. Mama yake ndiye aliyeupika na sukari na udi siku ya harusi, wa kumfukizia mume peke yake. Akafungua mkebe: umebaki nusu.

"Ananifukizia mwanamke fulani wa mtaa wa Bulla Pesa kwa uunsi wangu!"

Akajitupia shash kichwani, akapanda boda mpaka yadi ya malori, ambako Hersi hushinda.

Mwanamke hakuna. Kulikuwa na lile garimoshi kuukuu la mvuke, ambalo Hersi alilinunua kama chuma chakavu akalibeba kwa lori mpaka Isiolo, mji usio na reli, watu wakacheka wakashika mbavu. Miezi minane amelisugua kutu. Sasa liling'aa, naye amelilalia shavu, macho amefumba.

"Hersi! Uunsi wangu?"

"Popo walikuwa wamefia kwa tanuri yake. Nikafukiza kidogo tu."

Fundi Abduba akajificha nyuma ya gurudumu. "Mama," akanong'ona, "toka hiyo siku, mimi nikigusa naungua. Na hatujawasha moto, wallahi."

Fardowsa akaweka kiganja. Chuma kilikuwa na joto la mwili, na ndani yake kitu kikavuta pumzi, taratibu, kama mwanamke anayejizuia asitukane, kikavuta tena, mpaka kokoto chini zikaanza kutetemeka na nywele zikamsimama Fardowsa chini ya shash.

Alasiri hiyo wakamleta Sheikh Siyad. Akasoma, akamwangalia Hersi.

"Uunsi wa ndoa unamfukizia nani, bwana? Jini aliye humo ndani ameshakubali posa, anajiona mkeo. Mguse, umpe talaka tatu."

Fardowsa, ambaye maisha yake yote aliogopa neno talaka, leo alizitaka zote tatu.

Hersi akaweka mkono juu ya chuma. Shingo yake ikageuka polepole, ikapita kwa sheikh, ikapita kwa Abduba, mpaka macho yakamfikia mkewe.

"Fardowsa, nimekuacha. Nimekuacha."

Sheikh akaruka akamziba mdomo kwa mikono miwili.

Ya tatu ikatoka ndani ya tanuri, kwa sauti ile ile ya Hersi. Kisha vigelegele.

Mpaka leo wanawake wa mtaa wa Wabera wanabishana kama ile ya tatu inahesabika. Fardowsa habishani. Alifunga nguo zake kabla ya magharibi.