Nondo katika Ukumbi wa Tatu

Matundu yalikuwa matatu, kila moja dogo kama punje ya mtama, kwenye pindo la koti la sufu lililokuwa fahari ya maonyesho yote. Annelore, msimamizi wa maonyesho, aliyaona Jumanne tarehe 17 Machi, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, kabla jumba la makumbusho la mavazi hapo Antwerpen halijafunguliwa. Alivaa glavu, akalivua koti kutoka kwenye sanamu, akaligeuza ndani nje. Utepe wenye namba, unaoshonwa ndani ya kila vazi la jumba, haukuwepo. Mtu alikuwa ameondoka na koti la mbunifu marehemu Casimir Dhondt na kuacha nakala yake.

Saa nne Godelieve Hendrickx alipigiwa simu. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na kwa miaka ishirini na tisa aliliandikia gazeti moja la mjini safu ya kila Jumamosi juu ya maonyesho aliyoyatembelea. Zamani aliipenda kazi hiyo kufa. Siku hizi alichokipenda kwenye maonyesho ni benchi. Mwanzoni mwa mwezi ule alikuwa ameona viti vya vioo huko Milano visivyoruhusiwa kukaliwa, magauni ya karatasi Paris, na kule Basel chumba kitupu chenye mlio wa bomba linalovuja, ambamo watu walisimama wameinamisha vichwa kama wako msibani. Alipoitwa jumbani alivaa viatu vyake vya bapa na kwenda bila kuuliza sababu.

Inspekta Stef Roosens alikuwa kwenye chumba cha wafanyakazi, mbele ya kahawa iliyopoa. Kando yake walikaa Annelore, Fadime Aksoy, mlinzi wa ukumbi wa tatu aliyeajiriwa tarehe tisa, na Lutgard Smets, fundi mzee aliyekodiwa kuzivalisha sanamu.

"Bibi Hendrickx, koti uliliona tarehe tano, siku ya waandishi?"

"Nililiona."

Inspekta alifunua gazeti. "'Mkono wa Dhondt ungali hai katika kila mshono.' Maneno yako haya?"

"Yangu."

"Basi tarehe tano lilikuwa lenyewe, limebadilishwa baadaye." Akamgeukia Fadime. "Na jana jumba limefungwa, kamera inaonyesha mtu mmoja tu akiingia ukumbi wa tatu. Saa nane na dakika kumi mchana. Umetoka na mfuko mkubwa, dada."

"Nilifuata miwani yangu. Mfukoni mlikuwa na mapazia ya jirani, namkunjia mapindo. Nimeshasema mara nne. Unataka niimbe?"

"Kumbe unajua kushona."

"Nusu ya wanawake wa mtaani kwetu wanajua kushona. Kodi basi uje utubebe wote."

Lutgard alikoroga kahawa yake taratibu. "Sipendi kumsema mtu," alisema, "lakini Jumapili nilimwona akilishika pindo lile. Vidole vitupu."

"Nilikuwa nafukuza mdudu!"

"Mdudu gani?" Annelore aliruka. "Humu hakuna mdudu! Kila kitu cha sufu kinalala kwenye friza wiki mbili kabla ya kupanda juu, nondo afe na mayai yake. Hata skafu yangu naiacha chini."

Fadime alisimamishwa kazi palepale, na Inspekta akasema jalada litafika kwa mwendesha mashtaka Ijumaa.

Jioni ile Godelieve alifungua daftari lake, lile la kuandika papo kwa papo akiwa amesimama. Tarehe tano, saa tano na dakika ishirini: *Koti. Jipya mno, kama halijawahi kuvaliwa na mtu. Linachosha. Nondo anazunguka taa. Mgeni pekee aliyekuja kwa shauku.*

Alikaa chini. Alikumbuka alivyorudi nyumbani siku ile miguu ikiwaka moto, akaandika sifa ambazo kila mtu alizitarajia, kwa sababu kusifu kunachukua nusu saa na kukosoa kunachukua siku nzima. Sasa sifa hizo ndizo zilizomfunga Fadime. Kumwokoa kulimtaka aseme kwamba alisifu nakala kwa maneno asiyoyaamini, na baada ya hapo nani angeisoma safu yake? Aliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Jumatano ikapita hajasema neno.

Alhamisi saa tatu asubuhi aliliweka daftari mezani kwa Inspekta.

Roosens alisoma mara mbili. "Kwa hiyo gazetini uliandika uongo."

"Nilikuwa nimechoka."

"Mimi nimechoka tangu mwaka wa tisini na nane, bibi. Endelea."

"Lile koti halisi lilipita kwenye friza. Nondo hawezi kutoka ndani yake. Kama tarehe tano nondo alikuwa anaruka, basi nakala ilikuwa imeshaingia. Fadime hakuwa hata ameajiriwa."

"Na kamera ziliwashwa tarehe sita, siku ya ufunguzi." Inspekta alijikuna kidevu. "Basi Annelore. Ana funguo zote."

"Annelore angeipitisha kwenye friza hata nguo ya wizi. Muulize ni kitu gani kinapanda juu bila kugandishwa."

Inspekta alimpigia Annelore simu. Jibu lilikuwa fupi: pamba za kujazia sanamu, maana nondo hali pamba. Zililetwa Jumatano tarehe nne kwenye magunia mawili, na magunia yakarudi na mabaki. Aliyeyaleta alifanya kazi peke yake kutoka saa saba mpaka saa kumi na moja.

Lutgard aliwafungulia mlango akiwa na aproni. Koti la Dhondt lilining'inia nyuma ya mlango wa jikoni, kando ya koti la mvua na mfuko wa sokoni.

"Mmechelewa," alisema. "Kaeni. Kahawa ipo."

"Ni hili?" Inspekta aliuliza.

"Ni langu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Dhondt alichora mstari mmoja kwenye karatasi, akaenda kula kome. Mimi nilishona majuma kumi na moja. Nakala nayo nimeishona mimi, hapa, miaka miwili. Niliiweka darini; huko ndiko ilikookota nondo. Niliomba kibao cha maelezo kiwe na majina mawili. Walinijibu kwa barua nzuri sana." Alimtazama Godelieve. "Halafu wewe ukaja na mkono wa Dhondt. Mkono ule haukujua hata kutunga uzi kwenye sindano!"

Godelieve alimwonea huruma, na hasira ikaipita huruma. "Na Fadime? Alikukosea nini?"

"Bado kijana yule. Angepata kazi nyingine."

"Walikufuta wewe kwenye kibao, ukamfuta yeye."

Lutgard alifungua aproni, akaikunja vizuri, akamuuliza Inspekta kama anaruhusiwa kubeba miwani.

Ijumaa saa nne Godelieve alipanda ukumbi wa tatu. Alikuwa ameshampelekea mhariri masahihisho yenye jina lake chini, na mhariri alikuwa ameshamwambia kuwa hiyo ndiyo safu ya mwisho. Fadime alikuwa amerudi zamu, amesimama wima kando ya sanamu tupu.

"Nimekuja kukuomba radhi," Godelieve alisema.

"Inspekta kaniambia kuna daftari. Uligundua lini?"

"Jumanne jioni."

"Ukaenda kwake Alhamisi," Fadime alisema. "Jumatano asubuhi mama mkwe wangu alipekua mkoba wangu kabla sijatoka. Niliporudi akaupekua tena. Anaishi kwangu, anakula kwangu, miaka tisa. Jana nimemwambia kesi imeisha, mwizi kakamatwa. Akasema vizuri, mwanangu. Leo nimeamka nimekuta zipu ya mkoba imefungwa upande ambao mimi siufungi kamwe."

Nyuma ya Godelieve kundi la wageni lilikuwa limefika juu ya ngazi.

"Nipishe, bibi," Fadime alisema. "Umeziba mlango."