Mabele ya Mama Georgette

Mabele, ule udongo wa kutafuna, yalikuwa yamekaa juani siku nne, makavu kabisa, lakini asubuhi ile Mama Georgette aliyakuta yamelowa. Nyumba yote, hapo mtaani Kabondo, ilinuka tope la chini ya maji.

"Nani alimwanga maji mu mabele yangu?"

Hakuna aliyemwaga. Aliyaanika upya huku akinung'unika, maana udongo ule ulikuwa wa mkwewe Falonne, mwenye mimba ya miezi mitano baada ya kupoteza mbili. Kama wanawake wengi wenye mimba mjini, Falonne alitamani kutafuna mabele. Na Georgette, aliyempenda kuliko wanawe wa kuzaa, aliyachimba mwenyewe kwenye ziwa dogo kando ya mto Lindi, chini kidogo ya mitambo ya wachimba dhahabu. Udongo wa huko ulikuwa laini kuliko wote.

Siku ya pili kipande kilimponyoka Falonne kana kwamba mkono umepigwa kofi. Siku ya tatu, mchana kweupe, nyayo ndogo za tope zilitoka uani, zikapita sebuleni, zikaishia kitandani kwake, na hazikurudi; na tangu hapo, kila alipofungua mdomo kutafuna, mwanamke asiyeonekana alilia nyuma ya mlango, kwanza polepole, halafu kwa sauti ya mtu aliyezika wengi, hadi majirani wakaacha kuja kuomba moto na Falonne akaacha kula, akakonda, mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Mama, inataka mutoto wangu," alinong'ona.

Akaitwa Mwalimu Hemedi, mganga mwenye asili ya Maniema. Alifukiza ubani, akasoma, na Falonne akainua kichwa. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Papa, usinifukuze. Kwetu mu ziwa kulikufa. Batu ya dhahabu balimwanga mercure mu maji, batoto yangu saba yote ikaisha. Nilifwata udongo ya kwetu. Mwambie huyu asikule. Asikule, papa."

Georgette alishtuka. "Mwalimu, pengine iko nasema kweli?"

"Jini haisemake kweli, mama. Ile inakataza, ile njo dawa."

Kinachokatazwa na jini ndicho dawa: hiyo ndiyo kanuni ya kazi yake, na haikuwahi kumwangusha. Akaweka kipande kikubwa midomoni mwa Falonne, Georgette akamshika mkwewe mabega. Falonne alitafuna, akameza. Kilio kilipanda hadi mabati yakatetemeka, kisha kikatoka nje, kikififia upande wa mto. Tusimnyime haki yake, Hemedi alijua kufukuza. Falonne akala mabele kwa amani hadi siku ya kujifungua.

Alizaliwa msichana, akapewa jina la bibi yake. "Ndoyi yangu," Georgette alimwita wajina wake, na mtoto hakugeuka. Aligonga sufuria, hakugeuka. Mtoto alitimiza mwaka shingo haijakaza, vidole vinatetemeka kutwa. Daktari aliuliza Falonne alikuwa akila nini, kisha akaeleza habari ya zebaki, ile mercure ya wachimba dhahabu, inayolala ndani ya tope. Georgette alikumbuka mikono yake juu ya yale mabega.

Adhuhuri moja, akiwa peke yake na mtoto mapajani, harufu ya tope iliingia. Nyuma ya mlango mwanamke alianza kulia. Safari hii Georgette hakumwita Hemedi. Alifungua mlango, akasogeza kiti cha pili.

"Ingia, mama," alisema. "Ikala ku kiti. Ulituambia."

Kiti kililowa polepole. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mtoto aligeuza kichwa.