Maji ya Tangi la Kombi

Siku Laban alipojaza tangi la kombi kwenye kisima cha njiani, maji yaliingia bila sauti.

Alikuwa ameuzoea mlio wake. Tangi lilikuwa chini ya kitanda cha nyuma, na mdomo wake ubavuni mwa gari. Ukimimina mtungi wa kwanza lilikuwa linavuma kama pipa tupu, kisha mlio unapanda kadiri maji yanavyopanda, mpaka dereva anajua kwa sikio tu kwamba limejaa. Siku hiyo alimimina mtungi baada ya mtungi na hakusikia kitu. Akainama kuchungulia kwenye faneli. Maji yalikuwa yakiteremka taratibu, kimya, kama yanayomezwa.

Hakushangaa sana. Miezi ile hapakuwa na kitu kilichomshangaza.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa ukame, watu walipokula unga wa mahindi ya manjano. Laban, mtu wa Maragoli, alikuwa dereva wa ofisi moja ya Malindi iliyokodisha kombi za kulala kwa watalii. Yeye na mkewe Jedida walipanga chumba Muyeye, na walikuwa na mtoto mmoja, msichana aliyezaliwa Jumapili ya Pasaka wakamwita Easter. Mwezi wa pili homa ilimshika Easter usiku, na kabla ya jua kupanda alikuwa amekwisha. Hakuwa ametimiza miaka mitatu. Nauli ya kumpeleka kwao haikupatikana, wakamzika papo hapo, kwenye makaburi ya kanisa.

Jedida alilia tangu siku hiyo. Alilia akichambua mchicha, akalia akianika nguo. Laban yeye alirudi kazini. Aliendesha, alikula, alilala. Watu walimsifu kwamba ni mwanamume, na yeye hakuwajibu, kwa kuwa hakujisikia mwanamume wala kitu chochote kingine.

Safari hiyo alikuwa akirudi kutoka kaskazini na wazungu wawili, mke na mume, wazee. Walikuwa hawajafika Adu. Kila mfereji waliouendea ulikuwa mkavu, na wazungu walitaka kuoga. Ndipo Laban akakiona kisima kando ya njia, kina mdomo wa saruji, hakina nyumba karibu, wala mbuzi, wala kijia cha miguu cha kukiendea. Lakini kamba yake ilikuwa mpya na ndoo ilikuwa imelowa.

Alionja. Visima vya upande ule vina chumvi, watu huvivumilia tu. Haya yalikuwa matamu. Alikunywa mpaka tumbo likakaza, akajaza na chupa yake ya chai, kisha ndipo akajaza tangi. Wazungu waliyaogea tu, kwani ya kunywa walikuwa nayo ya kwao, ya chupa. Jioni aliwashusha hotelini Watamu, akaenda na kombi mpaka nyumbani Muyeye, akaiegesha uani kama alivyoruhusiwa siku ambazo hakuna mteja.

Muyeye nako mifereji ilikuwa imekauka. Asubuhi Jedida alipanda ndani ya kombi na sufuria yake. Kulikuwa na sinki dogo, na pampu ya kukanyaga kwa mguu. Ukikanyaga, maji yanapanda kutoka tangini. Alikanyaga, akajaza sufuria, akapika uji.

Mchana ule hakulia.

Laban aliliona hilo akashukuru moyoni. Siku ya pili hakulia tena. Alifua, akafagia uwanja, akamsalimia Nyevu, jirani yao, mwanamke mtu mzima wa Kigiriama aliyekuwa akiuza mboga mlangoni pake.

"Mama Easter, leo naona uso umekunjuka," Nyevu alimwambia.

Jedida alitabasamu, akaendelea kufagia.

Lakini ndani ya kombi kulikuwa na harufu. Ilikuwa harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, na mvua haikuwa imenyesha. Laban alifungua madirisha yote, harufu ikabaki. Aligonga tangi kujua limebaki na maji kiasi gani. Lilijibu kama jiwe. Lilikuwa limejaa, na Jedida alikuwa akiteka asubuhi na jioni.

Juma lilikuwa halijaisha Nyevu alipokuja na kijigauni cha manjano mkononi.

"Mama Easter, nisamehe mwanangu," alisema. "Hiki kilibaki kwangu, nilikuwa nakishona pindo. Nimeogopa kukuletea. Lakini naona sasa Mungu amekutuliza."

Jedida alikipokea akakigeuza huku na huku. "Kizuri. Cha nani?"

"Cha Easter."

"Easter ni nani?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia mpangaji mpya. Nyevu alimtazama Laban, Laban akatazama chini. Jedida aliingia na kile kijigauni ndani ya kombi, na walipomfuata mpaka mlangoni walimkuta anakifutia sinki.

Nyevu alimvuta Laban kando ya ukuta. "Baba Easter, nataka neno nawe," alinong'ona. "Maji hayo umeyateka wapi?"

"Kisimani, huko mbele ya Adu."

"Kisima cha nani?"

"Sikuona mtu."

"Yamwage."

"Mama Nyevu, sisi ni watu wa kanisa. Hayo mambo hatuyashiki."

"Basi usiyashike," Nyevu alisema. "Lakini yamwage."

Hakuyamwaga. Alijiambia kwamba mkewe anapumzika, kwamba akili ikichoka sana husahau, kwamba atakumbuka taratibu. Na kwa kweli kulikuwa na utulivu nyumbani. Walikula bila kuzungumza. Yeye mwenyewe alikuwa akijaza chupa yake kila asubuhi kwenye kombi kabla ya kwenda ofisini, kwa sababu maji mengine yote sasa yalimchukiza mdomoni.

Siku moja alirudi adhuhuri, jua limesimama juu ya mabati na uwanja mzima mtupu. Alipofika karibu na kombi alisikia pampu ikikanyagwa, kwik, kwak, polepole, lakini maji hayakuwa yakidondoka. Kisha akasikia sauti ya Jedida.

"Alikuwa akiogopa kuku," Jedida alisema.

Pampu ikakanyagwa. Na kutoka kwenye bomba la sinki, pale maji yanapotokea, sauti nyingine ikasema, yenye mapovu, sauti ya mwanamke asiye na haraka:

"Na nini tena?"

"Alikuwa akisema pata badala ya paka."

"Na nini tena?"

Laban alisimama pale nje na kiganja chake juu ya bati la gari lililokuwa limechomwa na jua tangu asubuhi na lilipaswa kumuunguza, lakini lilikuwa baridi kama kifuniko cha mtungi, na baridi ile ikampanda mkononi mpaka begani, naye hakuweza kuutoa mkono wala kuinua mguu wala kuita, akabaki kumsikiliza mkewe akimtoa mtoto wao kidogo kidogo, jinsi alivyolala na kidole mdomoni, jinsi alivyokataa viatu, jinsi alivyoita mwezi taa, na kila alipotaja jambo bomba lilikoroma kama mtu anayemeza, na jambo lile likishamezwa Laban naye alilitafuta kichwani mwake akakuta mahali pake ni peupe, pamefutwa, mpaka sauti ile ikauliza tena, na Jedida akasema:

"Imebaki sura yake tu."

"Basi hiyo," ile sauti ikasema. "Kesho."

Baridi ilipomwachia mkono, Laban alikwenda moja kwa moja kwa Nyevu. Alikaa kwenye kibao mbele ya mafungu ya mchicha, akasema, "Mama Nyevu, najaribu kuiona sura ya mtoto wangu. Siioni vizuri."

Nyevu alifunika mboga zake kwa gunia, akavaa kandambili.

Kwa hiyo asubuhi yake, bila kuaga ofisini, Laban aliendesha kombi kuelekea kaskazini, Jedida amekaa nyuma, mtulivu, na Nyevu pembeni yake. Adu walimchukua Kahonzi, mganga, mwanamke mwembamba waliyemkuta akipalilia muhogo. Laban alimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kahonzi alichungulia ndani ya gari, akavuta pumzi puani. Hakuuliza la mgonjwa. "Maji haya ameyateka nani?"

"Mimi."

"Basi ni wewe utakayeyarudisha. Mkeo ameyanywa?"

"Ameyanywa, ameyapikia."

"Na wewe?"

"Kidogo tu, mama," Laban alisema, na chupa yake ilikuwa imejaa kando ya kiti.

Kahonzi alimtazama. Kisha akaingia ndani kuchukua kayamba lake na kipande cha kaniki.

Walikifikia kisima jua likiwa kali. Kahonzi alimfunika Jedida kichwa kwa ile kaniki akamkalisha chini, Nyevu akamshika mabega. Laban aliingia chini ya gari kulifungua tangi. Kizibo kilikuwa kigumu. Nyuma yake kayamba lilianza kutikiswa, mbegu zake zikipiga mwanzi kama mvua juu ya makuti, na Kahonzi akiimba kwa Kigiriama, kwa sauti ya chini.

Kizibo kilitoka. Maji yakashuka kwa mkupuo mmoja mnene, yakampiga kifuani, yakatambaa mchangani kuelekea kisimani, na mchanga ule uliokaa miezi mingi bila tone la mvua haukuyanywa. Yalitoka na kutoka. Tangi lile lingekwisha kukauka mara nyingi, na bado yalitoka, na Laban amelala chini yake, na hapo ndipo Jedida alipofungua mdomo chini ya kaniki akasema kwa ile sauti ya bombani.

"Mnanifukuza kwa kosa gani? Mtoto sikumchukua mimi. Nilimkuta amekwisha kwenda."

"Rudisha ulichokichukua," Kahonzi alisema.

"Walikuwa wakiumia. Nimewapunguzia."

"Hukutumwa. Rudisha."

"Nitamrudishia anayelia," sauti ikasema. "Mwanamke huyu alikuwa akilia. Chake kipo, achukue." Kayamba likapiga, na sauti iliposema tena ilisema polepole zaidi. "Yule wa chini ya gari hakulia hata siku moja. Alikuja mtupu. Nimeweka vitu vyangu."

Nyevu alimsikia. Kahonzi alimsikia pia, na kwa mara ya kwanza mkono wake ulikosea mdundo. Lakini Laban, maji yamemjaa masikioni, hakusikia ila kuvuma.

Kisha Jedida alipiga ukelele. Ulikuwa ukelele wa mwanamke anayefunuliwa shuka akaonyeshwa maiti. "Easter! Easter mwanangu!" Alianguka kwenye mchanga, akajigaragaza, akaita jina lile tena na tena, na Nyevu akaanguka naye, akamkumbatia, akalia naye. Maji yalikatika. Kahonzi alitia mkono kwenye uwazi wa tangi mpaka kiwiko, akautoa ukiwa mkavu.

Akamwendea Laban. "Mwanangu, nitazame. Unasikia nini moyoni?"

"Niko salama, mama."

"Nimekuuliza unasikia nini."

Laban alifikiri kwa uaminifu. "Sisikii kitu," alisema. "Lakini ndivyo nilivyokuwa tangu zamani."

Kahonzi alitaka abaki Adu apigiwe ngoma usiku ule. Laban alikataa, kombi ilikuwa na mteja kesho yake. Aliwarudisha watu wote, akaosha tangi kwa sabuni na dawa, akalijaza maji ya lori la manispaa. Lilivuma vizuri.

Jedida alilia majuma mawili, safari hii kwa sauti, na wanawake wa kanisa walikuja kukaa naye. Alimtaja Easter kutwa. Aliwaeleza habari za kuku na za viatu, akacheka katikati ya kilio, na polepole rangi ilimrudia usoni. Laban alipita kati yao akiwasalimia. Alijua kwamba alikuwa na mtoto aliyekufa, kama mtu anavyojua habari aliyosomewa redioni.

Jumapili moja jioni, wageni wameondoka, Jedida alikaa kwenye mkeka mlangoni akamwita akae naye.

"Baba Easter, kila siku nasema peke yangu," alimwambia. "Na wewe ulikuwa baba yake. Nisimulie na wewe. Hata kidogo."

Laban alifungua mdomo tu kwa ajili ya kumridhisha, na maneno yakaja yenyewe, mengi, bila kuyatafuta.

"Alipenda kukaa kwenye ukingo wa kisima miguu ikining'inia ndani," alisema. "Nilimkataza, hakusikia. Nywele zake zilikuwa ndefu, zikilowa zinamfika kiunoni. Nilikuwa nikimchana wakati wa jua kali, watu wakiwa wamelala. Hakuwa akila. Alikuwa akinywa tu."

Jedida alisogea nyuma, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

"Baba Easter," alinong'ona. "Easter tulimnyoa. Tulimzika amenyolewa."

Laban alimgeukia. Uso wake ulikuwa mpole, hauna kitu.

"Simsemi huyo," alisema. "Namsema wangu."