Nishani ya Mzee Gia

"Rudia hayo uliyosema!"

"Nirudie mara ngapi? Masikio si unayo?"

"Rudia, watu wote wasikie!"

"Haya, nasema! Mumeo kavaa nishani isiyo yake. Wenzake wamemtoa kwenye mstari mchana kweupe, umati mzima ukitazama. Mimi nilikuwepo. Je, ni uongo?"

Ndoo zilifurika bombani. Maji yalimwagika, lakini nani angefunga bomba wakati ugomvi umenoga? Hata waliokwisha kuchota walitua ndoo zao ili wasikose neno.

Waliokuwa wakigombana ni majirani, Mama Pacha na Mama Sindano. Mama Sindano alikuwa fundi cherehani. Wateja walimletea nguo, naye aliwarudishia nguo pamoja na habari za mji mzima. Wanawake hawa wawili walikuwa wamegawana ukuta mmoja miaka na miaka. Waligawana chumvi, waligawana siri. Sasa walikuwa wanagawana matusi.

"Mume wangu hakuiba nishani," alisema Mama Pacha. "Alipewa jeshini."

"Kama alipewa, mbona hati yake imechezewa? Yule ofisa aliyekuwa akikagua hati aliiinua juu, sote tukaona. Maandishi yote bluu, mstari mmoja mweusi. Hata mwenye mtoto wa jicho angeona!"

Watu wakacheka. Wino ulikuwa wa rangi mbili kweli. Mama Pacha alijitwika ndoo yake, na nusu ya maji yakammwagikia begani.

Nje ya nyumba yake kulikuwa na benchi la mbao. Zamani mume wake hakukosekana hapo. Alitengeneza majiko na taa za watu huku akipiga soga. Alikuwa dereva wa lori jeshini, ndiyo maana watu walimwita Mzee Gia. Akisimulia jambo, mkono wake ulikwenda mbele na nyuma kama anabadilisha gia. Ukimshika mkono, hadithi inazimika.

Lakini tangu siku ya mkutano wa askari wastaafu, benchi lilikuwa tupu. Mzee Gia alijifungia ndani. Chakula alikidokoa tu. Akiulizwa jambo, alijibu kwa neno moja, na mkono wake ulilala juu ya goti.

Mama Pacha alitua ndoo. Akaketi mbele yake.

"Baba Pacha, leo nataka kweli. Ule mstari mweusi kwenye hati, nani aliuandika?"

Mzee Gia alitazama sakafu. "Mimi."

"Wewe! Kwa nini?"

"Nishani ni yangu. Hati ya utumishi haikuitaja. Nikaona pengo, nikaliziba. Mke wangu, gari likikufia porini humngojei fundi. Unafunga waya, unaendelea na safari."

"Karatasi si gari!"

"Sasa nimejua."

Mama Pacha alishusha pumzi. Hadithi ya nishani aliijua vizuri. Mwaka wa mafuriko makubwa, kikosi cha wahandisi kilipungukiwa madereva. Mzee Gia alikuwa wa kikosi cha usafirishaji, akaazimwa kwenda kuwasaidia. Alivusha watu kwa lori juu ya daraja lililopasuka, akaenda na kurudi mpaka mtu wa mwisho akavuka. Mkuu wa wahandisi alimvika nishani ya uokoaji kwa mkono wake mwenyewe. Kisha kila askari akarudi kikosini kwake.

"Vaa viatu," alisema Mama Pacha. "Twende ofisi ya kumbukumbu za jeshi."

"Ili waniite mwongo mara ya pili?"

"Wewe umejificha humu ndani. Mimi ndiye ninayeitwa mke wa mwongo kule bombani. Vaa viatu, bwana."

Akavaa.

Ofisi ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya vumbi na gundi. Majalada yalipangwa kutoka sakafuni hadi darini. Nyuma ya meza aliketi mama mmoja aliyening'iniza miwani shingoni. Ndiye aliyetunza kumbukumbu. Kila mtu alimwita Shangazi, hata maofisa wenye nyota mabegani.

Shangazi alivaa miwani, akaisoma hati. Kidole chake kikasimama kwenye mstari mweusi.

"Nani kaandika hapa?"

Mzee Gia alisimama wima, mikono ubavuni. "Mimi, afande."

"Ahsante kwa kusema kweli. Sasa kaa, mzee wangu. Hapa hatuko gwarideni."

Akaketi.

"Kosa hili nimeliona kwa wengi," alisema Shangazi. "Mtu ana haki yake, lakini anaidai kwa kalamu yake mwenyewe. Ukiandika neno moja kwenye hati ya serikali, hata la kweli, hati yote inatiliwa shaka. Usiongeze kitu. Usifute kitu. Hati ikiwa na kasoro, ilete kwetu kama ilivyo. Wanaotakiwa kuisahihisha ni sisi."

"Basi nimeshajiharibia?"

"Hujaharibu kisichotengenezeka. Utaeleza kwa maandishi kwamba ulijiandikia, na kwa nini. Ukweli ukianza na wewe, hautakuvizia mbele ya safari."

Shangazi aliingia katikati ya makabati. Akarudi na jalada lililofifia rangi. Akasoma kurasa moja baada ya nyingine, taratibu.

"Jalada lako lote ni la usafirishaji," alisema. "Hakuna neno la wahandisi. Nadhani naona kilichotokea. Uliazimwa. Waliokupa nishani ni waazimaji. Wakaandika jina lako kwao. Habari haikufika kwa wenye mtu."

Mama Pacha akaitikia, "Kama mtoto akivunja sahani kwa jirani. Nyumbani hawana habari."

Shangazi alicheka. "Kabisa, mama. Ila huyu hakuvunja, alijenga! Sasa sikilizeni. Nitawaandikia wahandisi watafute tangazo la siku ile, lile linalotaja waliovishwa nishani. Lakini karatasi za zamani nyingine zimeliwa na mchwa. Ushahidi wa aina moja ni sawa na kusimama kwa mguu mmoja. Una picha?"

"Sina."

"Cheti kilichokuja na nishani?"

"Kiliharibika tulipohama."

"Basi tafuta shahidi. Awe mtu aliyekuwepo, aliyeona kwa macho yake."

"Mimi nimesimuliwa hadithi hiyo mpaka naweza kuliendesha lile lori," alisema Mama Pacha.

"Wewe ni shahidi wa masikio, mama yangu. Tunataka wa macho."

Mzee Gia aliinua kichwa. "Alikuwepo Redio. Alikaa pembeni yangu ndani ya lori, akiita makao makuu kwa simu ya upepo. Lakini tulipoachana jeshini, tulipotezana. Sijui kama yu hai."

"Mtafuteni," alisema Shangazi.

Njiani kurudi, Mama Pacha alifikiri. Mtu aliyepotea miaka yote hiyo utampataje? Huwezi kusimama njia panda ukaita. Unahitaji mdomo unaofika kila nyumba. Na mdomo wa namna hiyo, mtaani kwao, ulikuwa mmoja tu.

Alimeza mate. Yalikuwa machungu, lakini aliyameza.

Cherehani ya Mama Sindano ilikuwa inalia. Mama Pacha aliposimama mlangoni, ikanyamaza.

"Umekuja tugombane?" aliuliza Mama Sindano.

"Ugomvi nimeuacha bombani. Nimekuja na shida."

Mama Sindano aliondoa vitambaa juu ya kigoda. "Kaa."

Mama Pacha alieleza yote. Hakuficha kalamu, hakuficha aibu. Mama Sindano alisikiliza, pini zikiwa zimebanwa midomoni. Hapo ndipo alipokosa nafasi ya kumkatiza mtu, labda kwa mara ya kwanza maishani.

Akatema pini moja moja kiganjani. "Kwa hiyo alijiandikia mwenyewe, lakini nishani ni yake?"

"Nishani ni yake. Kosa lake ni kalamu."

"Na mimi nimemtangaza kuwa mwizi." Mama Sindano alishika shavu. "Jirani, ungenipiga kofi ningeelewa."

"Kofi halitamleta Redio."

"Huyo Redio niachie mimi. Mdomo uliomwangusha mumeo ndio utakaomwinua."

Tangu hapo, hakuna aliyeingia kwa Mama Sindano akatoka bila kuulizwa. Aliyekuja kupunguza suruali aliulizwa. Aliyekuja kuongeza gauni aliulizwa. Bwana harusi mmoja alipimwa shingo, na tepu haikulegezwa mpaka ajibu. "Mzee aliyekuwa jeshini, anaitwa Redio, humjui? Fikiri vizuri. Bado hujafikiri!"

Asubuhi moja, Mama Pacha alisikia kishindo mlangoni. Mama Sindano aliingia mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Nimempata! Kuna binti kaleta shati la baba yake. Nimemuuliza, baba yako ni mtu wa namna gani? Kasema, ni muuza mbegu soko la ng'ambo, anaongea hana breki, na kila akimaliza sentensi anasema 'ova', kama watu wa simu ya upepo!"

Kutoka chumbani ilisikika sauti ambayo Mama Pacha alikuwa ameisahau. Mzee Gia alikuwa anacheka.

"Ndiye," alisema. "Hakuna mwingine duniani. Ndiye!"

Redio alikuja siku ileile. Alikuwa mfupi, mwenye kofia kubwa. Alisimama katikati ya njia, akaita, "Gia, unanipata? Ova!" Wazee wawili walikumbatiana mpaka kofia ikaanguka. Mama Pacha aliiokota, akajifanya anaipangusa vumbi, kumbe alikuwa anapangusa machozi.

Walikwenda wote kwa Shangazi. Redio alitakiwa kuandika maelezo yake, kisha kuapa mbele ya hakimu kwamba ni ya kweli.

"Niandike maji yalifika juu ya paa la lori?" aliuliza.

"Yalifika?" aliuliza Shangazi.

"Hayakufika. Ila inapendeza zaidi. Ova."

"Andika yalipofika. Ukiongeza chumvi, utawaharibia chungu kizima. Eleza ulikuwa nani, mlikuwa wapi, uliona nini. Usichokiona, usikiandike."

Redio akanuna kidogo, kisha akaandika: maji yalifika kwenye vioo vya taa za mbele.

Mzee Gia naye alijaza fomu ya kuomba kusahihishiwa kumbukumbu. Akaeleza alivyoazimwa na wahandisi. Akaeleza ule mstari mweusi alivyouandika kwa mkono wake. Hakuruka neno.

"Karatasi zote toeni nakala," alisema Shangazi. "Nakala mbili. Moja ya kwetu, moja yenu. Maelezo ya shahidi yaliyoapiwa nabaki nayo mimi, ninyi mkae na nakala. Na nishani yenyewe usimwachie mtu yeyote. Tutaitazama, utarudi nayo."

Aligonga muhuri kwenye nakala ya Mzee Gia, akaandika namba ya jalada. "Hii ndiyo kamba yenu. Mkija kuuliza, njooni na namba hii. Msiseme tu 'nilileta karatasi zangu.' Hapa kila mtu alileta karatasi zake."

"Na wakikataa?" aliuliza Mama Pacha.

"Ombeni sababu kwa maandishi. Mtajua kinachopungua, mkitafute, mrudi. Kukataliwa si mwisho."

Mama Sindano alikuwa amekuja pia. Hakuna aliyemwalika, lakini angewezaje kukosa? Aliuliza taratibu, "Na askari akiwa ameshakufa?"

"Mjane wake anaweza kuomba. Watoto wake pia. Waje na hati ya kifo na uthibitisho kwamba ni ndugu zake."

Wakangoja. Mvua zikaja, zikaondoka. Mama Pacha alikwenda kuuliza mara kwa mara, na kila safari aliiweka ile nakala mbele ya Shangazi. Jibu lilikuwa moja: "Bado, lakini jalada linatembea." Kuna siku Mzee Gia alikata tamaa, akarudi kujilaza mchana. Redio alikuja akaketi mlangoni, akaongea mpaka mwenzake akainuka, walau amnyamazishe.

Kisha Shangazi akawaita.

Tangazo la wahandisi lilikuwa limepatikana. Mchwa walikuwa wamekula pembe, majina wakayaacha. Tangazo na maelezo ya Redio yalisema jambo moja. Juu ya meza ilikuwepo hati mpya. Mama Pacha aliisogeza dirishani penye mwanga. Aliisoma mstari kwa mstari, mpaka akafika palipoandikwa: nishani ya uokoaji. Wino ulikuwa mmoja, toka juu hadi chini.

"Sasa ukivaa," alisema Shangazi, "atakayeuliza muoneshe hii. Wala usiitie kalamu!"

"Kalamu nimestaafu, afande," alisema Mzee Gia.

Jioni hiyo benchi lilijaa. Mzee Gia alikaa katikati, Redio ubavuni. Watu walisimama, wengine walikalia ndoo zao. Mzee Gia alikuwa amefika darajani, na mkono wake ulikwenda mbele, ukarudi nyuma, ukaingiza gia ya kwanza.

Mama Pacha alisikiliza akiwa jikoni, mwiko mkononi. Kutoka bombani ilimfikia sauti nyingine, kali kama filimbi: "Mjane anaruhusiwa, nakwambia! Na watoto! Beba karatasi zako, lakini usiziandike kitu!"

Baadaye mwenye sauti alifika. Alishika koti la zamani la Mzee Gia. Alikuwa amelishona upya kifuani, pale ambapo nishani ilikuwa imeuchakaza uzi. Alimkabidhi mwenyewe, kisha akabaki nje ya kizingiti, akitazama vidole vyake.

Wote walikumbuka siku ya ugomvi bombani.

Mzee Gia aliinuka benchini, akavaa koti. Akajipapasa kifuani. Kisha akafungua mlango wote, mpaka ukagonga ukuta.

"Mama Pacha, sahani ngapi hizo?"

"Ya jirani nimeshapakua."

"Basi ingia, Mama Sindano," alisema Mzee Gia. "Ingia tule. Nasikia kule bombani hadithi yangu unaisimulia vizuri kuliko mimi."