Buluu ya Chumba cha Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia chumba cha mama yake, ingawa hakuna aliyelala humo. Mama alikwenda ng'ambo kufanya kazi ya uuguzi, binti yake akiwa na miaka sita. Sasa alikuwa na kumi na mmoja. Kwao walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Jumamosi mama angerudi.

"Baba, tukipake chumba cha mama rangi yake ileile," Chiriku alisema. "Akiingia ajue tulimngoja."

Baba alikubali. Chiriku akabandua kipande cha rangi karibu na dirisha, akakipeleka dukani kwa fundi rangi.

"Hii ni hafifu au imepauka?" fundi aliuliza.

"Hafifu!" alijibu papo hapo. Kwake maneno hayo yalikuwa mamoja, na kusema "sijui" aliona aibu. Fundi akatia buluu kidogo kwenye rangi nyeupe nyingi, akakoroga.

Walipomaliza ukuta mmoja, baba alisogeza kabati lililokuwa kwenye ukuta wa pili. Nyuma yake, mahali ambapo jua halikufika, palikuwa na buluu iliyokolea kama wino.

"Hiyo ndiyo aliyoipaka mama yako," baba alisema polepole. "Hata mimi nilikuwa nimesahau."

Chiriku akaangua kilio. Kama rangi ameisahau, je, uso wa mama ataujua?

Alirudi dukani macho mekundu. "Fundi, nisamehe. Nilijibu nisichokijua."

"Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa," fundi alitania. "Wako umeponza ukuta! Sasa sikiliza. Rangi hafifu imetoka hivyo kwenye kopo. Iliyopauka ilikuwa imekolea, jua likaila. Siku nyingine uliza, kuuliza si ujinga."

Akamchanganyia buluu iliyokolea. Kufikia Ijumaa kuta zote nne zilikuwa tayari.

Jumamosi mlango wa chumba ulifunguka. Aliyeingia alikuwa mwanamke aliyekonda, mwenye mvi na macho yaliyochoka. Chiriku alibaki amesimama. Mama alizitazama kuta, akaweka mkono kinywani.

"Buluu yangu," alinong'ona. Kisha akamgeukia binti yake. "Na mimi je, mwanangu? Nimebadilika sana?"

Kwa mara ya kwanza Chiriku hakukimbilia kujibu. Alimtazama mama yake kwa makini, paji la uso, mashavu, midomo.

"Hapana, mama. Umepauka tu."

Baba alipomsimulia mama yaliyotokea dukani, mama akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamvuta binti yake kifuani.

"Neno usilolijua, uliza," alimwambia, akiwa bado amemkumbatia. "Na ukishalijua, mwanangu, liseme mahali pake, kama ulivyolisema leo."